Boreum Mbele ya Jaji

Gamgol, 8 Novemba 2016

Kwa Dada yangu Miok,

Shikamoo Dada. Hujambo huko mlimani? Kichwa chako kisicho na nywele hakipati mafua? Mimi sijambo. Mama hajambo, ila magoti. Mbwa hajambo kabisa, amenenepa.

Naandika barua kwa sababu simu ya hekalu huipokea yule mtawa mzee, anasema "subiri" halafu ananisahau. Na kwenye simu watu wananiharakisha. Barua hainiharakishi. Maneno magumu huwa namuuliza Mama, lakini hii sikumwonyesha, kwa hiyo vumilia makosa.

Sasa nakwambia jambo baya. Kaa chini kwanza.

Unamjua Mwenyekiti wa kijiji, Gu Chanmo, aliyetuletea mchele Baba alipokufa. Vuli hii nilikuwa nafanya kazi bandani kwake. Tunamenya matunda ya gam, tunayafunga kwenye kamba, tunayaning'iniza yakauke. Mimi namenya vizuri kuliko wote, ganda linatoka moja refu halikatiki. Siku moja wenzangu walikwenda kula. Mwenyekiti akaniita kwenye ghala la baridi nimsaidie kupanga makreti. Akafunga mlango.

Dada, alinibaka. Neno hilo nimelijulia polisi, na ndilo lenyewe. Nilisema hapana. Nikasema tena hapana. Akasema, "Shii, wewe ni mtoto mzuri." Mimi si mtoto. Nina miaka ishirini na tisa. Alipomaliza akanipa mkebe wa juisi, akasema nikimwambia mtu, Mama hatapata kazi tena Gamgol, na watu watasema nimeota, kwa sababu kichwa changu kinakwenda polepole.

Ile juisi niliimwaga mbele yake.

Niliwaambia kina mama wa bandani. Mmoja akalia. Mwingine akasema, "Boreum, funga mdomo. Ukiufungua, banda linafungwa, na sisi tutakula wapi?" Basi kesho yake nikapanda basi la mjini peke yangu, nikaingia kituo cha polisi. Askari mmoja mdogomdogo akaniuliza, "Umepotea, dada?" Nikamwambia, "Sijapotea. Nimekuja kushtaki mtu." Akamkimbilia askari wa kike. Huyo alikuwa mzuri. Hospitali nilipimwa, sikupenda, lakini daktari kabla ya kila kitu aliuliza, "Niendelee?" Nikisema ngoja, anangoja. Kwa hiyo daktari nilimpenda.

Mwenyekiti wamemkamata. Mama alipojua alikaa sakafuni jikoni hakuinuka. Nilimpikia supu ya figili. Hakuinywa. Nikainywa mimi.

Usilie. Au lia kidogo, halafu uniandikie.

Mdogo wako,
Boreum


Hekalu la Cheongbong, 20 Novemba 2016

Mdogo wangu Boreum,

Marahaba. Natumaini barua hii inakukuta ukiwa na afya, na umekula, na umelala. Kama hujalala, lala kwanza, barua itakusubiri, wewe mwenyewe umesema hivyo.

Mafungo ya baridi yameanza. Hatutoki nje ya lango, na kuongea hatuongei ila kwa lazima, mpaka mwezi mpevu wa kwanza wa mwaka mpya, siku yenye jina lako. Barua huwekwa mpaka mafungo yaishe. Ya kwako Mama Mkuu aliniletea mwenyewe. Sijui aliona nini kwenye bahasha, labda ule mwandiko wako mkubwa uliojaa kama mahindi. Nilikaa chini kama ulivyoagiza. Nikaisoma. Kisha nikaenda nyuma ya jiko nikapasua kuni, nikapasua, nikapasua, mpaka akaja akanipokonya shoka.

"Kuni za majira haya zimetosha," akasema. "Sasa kamwandikie mdogo wako."

Boreum, sikiliza. Hukukosea popote. Ulikataa, ukasema, ukapanda basi, ukashtaki. Mimi niliyesoma mpaka chuo sijui kama miguu yangu ingenifikisha pale kituoni. Mtu yeyote akikwambia umevunja kijiji, mjibu kwamba kijiji kilivunjwa ghalani, na hukukivunja wewe.

Nimeomba ruhusa ya kuja. Mama Mkuu amesema, "Lango halina kufuli. Lakini muulize kwanza anahitaji nini." Basi nakuuliza. Nije?

Na Mama yukoje? Tangu nivae hili joho la kijivu hajanitumia hata mstari mmoja. Wewe ndiye macho yangu huko.

Dada yako,
Miok (huku wananiita Myohan, wewe usihangaike nalo)


Gamgol, 11 Desemba 2016

Kwa Dada Miok,

Shikamoo. Mzima? Huku theluji imeanguka mara mbili, na bomba la nje limeganda. Nalala vizuri nikiacha taa inawaka. Nakula sana.

Usije. Ukija, Mama ataanza kukulilia wewe na hicho kichwa chako, na sasa hivi ni zamu yangu kuliliwa.

Mwaka huu hakuna aliyekuja kutusaidia kutengeneza kimchi. Unajua yadi yetu huwa imejaa wanawake mpaka mbwa anakosa njia. Safari hii tulikuwa Mama na mimi. Tumetia chumvi kabichi zote mpaka vidole vyangu vimekuwa kama vya bibi kizee. Mama alisema, "Afadhali, hakuna wa kutuibia pilipili." Alikuwa anatania lakini macho yake hayakuwa yanatania.

Halafu Naibu Mwenyekiti alikuja na watu wawili. Wana karatasi ya kumwomba jaji ampunguzie Mwenyekiti adhabu. Karibu kijiji kizima kimegonga mihuri ya majina. Wanataka na muhuri wa Mama, maana wakili wao amewaambia kwamba wa familia ndio mzito zaidi.

Naibu akasema, "Mama Miok, huyu mzee amekwisha, ana sukari. Unataka afie gerezani kwa ajili ya jambo la dakika chache?"

Mama akasema, "Muhuri umepotea."

"Umepotea wapi?"

"Ningejua, ungekuwa umepotea?"

Wakacheka kidogo, wakaondoka. Siku mbili baadaye wakarudi. Muhuri umepotea bado. Dada, muhuri haujapotea. Mama ameuficha kwenye pipa la mchele, na kila anapochota mchele anaukuta, anashtuka upya. Sijui kama atazidi kuuficha au siku moja atachoka autoe. Sijamuuliza. Naogopa jibu.

Nimepewa wakili na serikali. Anaitwa Pyo Seran. Ni mdogo, ana chunusi kidevuni, anaongea haraka, lakini ukimwambia punguza anapunguza. Yuko pia Bi. Yeom. Kazi yake ni kukaa nami watu wakiniuliza maswali ya kupindapinda, anayanyoosha.

Sasa sikia linaloniudhi. Wakili wa Mwenyekiti anasema: huyu Boreum anapanda basi, ana simu, anajua kazi, kwa hiyo alielewa, kwa hiyo alikubali. Mwendesha mashtaka, ambaye ni wa upande wetu, anasema: huyu Boreum haelewi kitu, ni kama mtoto, kwa hiyo hakuweza kukataa. Mmoja ananivuta mkono huu, mwingine mkono ule. Dada, MIMI NILIKATAA! Hakuna hata mmoja anayelisema hilo.

Nimemwambia Wakili Pyo nataka kwenda mahakamani niseme mwenyewe. Ameuma kalamu. Amesema inawezekana lakini nifikirie kwanza, maana polisi walinirekodi kwa video na jaji anaweza kuitumia hiyo. Nimefikiria. Nataka.

Mdogo wako,
Boreum


Hekalu la Cheongbong, 23 Desemba 2016

Mdogo wangu mpenzi,

Marahaba. Nakuombea uzima wewe na Mama. Huku maji ya kunawia tunayapasua kwa nyundo, lakini tu wazima.

Nina mgeni wa kukusimulia. Mke wa Gu Chanmo alipanda mpaka huku kwa miguu, kwenye barafu, akakaa langoni akakataa kuondoka. Mama Mkuu akaniambia, "Nenda, mwanamke huyu atagandia hapa." Nikaenda.

Alinishika mikono. Akasema, "Mtawa, wewe umeiacha dunia. Aliyeiacha dunia anashikilia nini? Andika mistari miwili tu kwamba dada wa yule binti amesamehe. Jaji atamsikiliza mtawa."

Nikamwambia, "Niliacha nyumba, mama. Mdogo wangu sikumwacha."

"Kwa hiyo husamehi? Na hilo joho lako?"

"Mimi sikufungiwa ghalani. Siwezi kutoa msamaha usio wangu. Mwenyewe ana jina, ana anwani, na wewe unamfahamu tangu azaliwe. Umeshamwendea yeye?"

Akaiachia mikono yangu. Nadhani hakuna mtu kijijini aliyewahi kufikiri kwamba wewe ndiye wa kuulizwa. Nilimpa chai, nikamsindikiza mpaka njia inapokuwa salama. Alilia njia nzima. Sikufurahi kumwona analia, nakwambia kweli, lakini mistari miwili sikuandika.

Sasa kuhusu mahakama. Boreum, nakuomba usisimame. Polisi walikurekodi kwa video, na wakili wako anasema jaji anaweza kuitumia hiyo. Yule wakili wa Gu amelipwa akuchanganye. Atakuuliza kitu kimoja kwa njia kumi mpaka ulie, kisha aseme umejipinga. Waache waseme huelewi. Waache wakuone kama mtoto kwa siku moja tu, akishafungwa utakuwa mtu mzima tena. Wewe na mimi tunajua ukweli, si inatosha?

Ninasema hivi kwa kukupenda.

Dada yako,
Miok


Hekalu la Cheongbong, 19 Januari 2017

Boreum,

Hamjambo? Sijapata barua. Nimejiambia ni theluji, lakini mtu wa posta amefika mara kadhaa na barua za wenzangu.

Kama nimekuudhi, niudhi na wewe, lakini kwa maandishi. Usinyamaze.

Dada yako


Gamgol, 27 Januari 2017

Kwa Dada,

Shikamoo. Kesho ni mwaka mpya, Mama anakata vipande vya mkate wa mchele kwa supu. Tu wazima.

Sikuandika kwa sababu nilikasirika. Bado nimekasirika, lakini kidogo. Ulisema waache wakuone kama mtoto kwa siku moja. Yeye ndiye aliyeniita mtoto, Dada. Ghalani. Wewe ukasema neno lake. Nilisoma barua yako nikaiweka chini ya sufuria ya moto ikaungua pembe.

Nilikwenda mahakamani. Nakuhadithia yote.

Waliweka kizuizi ili nisimwone Gu Chanmo. Nilisikia tu akikohoa. Majaji walikuwa watatu, wa katikati mwanamke mwenye mvi na miwani. Akasema, "Bi. Tak Boreum, chukua muda wako. Ukitaka maji, yapo. Usipoelewa swali, sema." Kwanza sikujua Bi. Tak Boreum ni nani. Ni mimi! Hakuna anayeniita hivyo. Niliketi wima.

Wakili wake akaanza. Ana sauti tamu kama mtu anayeuza sufuria.

"Bi. Tak, unapanda basi mwenyewe?"

"Ndiyo."

"Unajua kushuka kituo chako?"

"Nisipojua nitafika Seoul."

Watu walicheka. Yeye hakucheka. "Mwenyekiti alikuwa mwema kwenu?"

"Alituletea mchele."

"Wenzako wanasema ulikuwa unacheka naye kila siku. Siku hiyo pia ulicheka, si ndiyo?"

Bi. Yeom alitaka kusema kitu, nikamshika mkono. Nikasema, "Nacheka nikiogopa. Hata sasa hivi nikikucheka usidhani nakupenda."

Jaji akaandika kitu.

"Kwa hiyo unakubali kwamba ulijua Mwenyekiti anataka nini?"

Niliona Wakili Pyo anauma tena kalamu. Mwendesha mashtaka alikuwa ananitazama kama mtu anayetaka niseme sijui. Nikakumbuka na barua yako. Nikasema, "Nilijua. Ndiyo maana nilisema hapana. Kama nisingejua, ningeuliza."

Yule wakili akasema hana swali zaidi.

Jaji akaniuliza kama nina la kuongeza. Nilikuwa nimeandika, nimelifanyia mazoezi mbele ya mbwa. Nilisoma hivi:

"Mheshimiwa Jaji, naitwa Tak Boreum. Kichwa changu kinakwenda polepole, lakini kinafika. Nilifanya kazi bandani kwa Gu Chanmo, na kazi niliifanya vizuri. Alinibaka. Nilikataa na alisikia. Watu wengi wamegonga mihuri wakisema asamehewe. Mimi sijagonga. Sitaki mumfunge kwa sababu mimi ni maskini wa kuhurumiwa. Mfungeni kwa sababu alifanya. Asante kwa maji."

Nilipotoka nje nilitapika kwenye maua ya mahakama. Halafu nikataka tambi. Wakili Pyo alininunulia tambi za mchuzi mweusi, nikala mabakuli mawili. Alikuwa analia ndani ya bakuli lake. Akaniambia, "Bi. Tak, mimi nilikuwa nimejiandaa kusema huelewi." Nikamwambia najua.

Mama alikuwepo. Alikaa nyuma. Tulipokuwa tunashuka kwenye basi akasema, "Una sauti kubwa." Sijui kama ni sifa.

Hukumu ni tarehe kumi na sita Februari. Mafungo yako yatakuwa yamekwisha. Sasa nahitaji. Njoo.

Mdogo wako,
Boreum


Hekalu la Cheongbong, 18 Februari 2017

Boreum mdogo wangu,

Salamu nyingi. Nimefika salama, mabasi matatu na mlima mmoja, nikakuta wenzangu wameniwekea uji.

Kwanza: nimekosea ile Desemba na wewe umepatia. Nilikwambia kwa mdomo pale stendi, lakini nataka uwe nalo kwa maandishi, maana unasema kwa mdomo watu hukuharakisha.

Pili: siku ile wewe ulikuwa mbele na Wakili Pyo, umemkazia macho jaji, hukugeuka hata mara moja. Mimi nilikuwa nyuma na Mama. Kwa hiyo acha nikwambie kilichokuwa mgongoni kwako.

Nilipoingia Mama alikuwa tayari ameketi, na benchi lote liko wazi upande wake, kwa sababu watu wa Gamgol walikuwa wamejibana upande wa pili. Nikakaa karibu naye. Miaka yote hiyo, na neno lake la kwanza likawa, "Umekonda. Huko hawakupi mafuta ya ufuta?" Nikasema wanatupa. Akasema, "Waongo." Halafu akachukua mkono wangu akauweka kwenye paja lake kama mkoba, akaushika hivyohivyo mpaka mwisho.

Gu Chanmo aliletwa na nguo za mahabusu. Ni mdogo, Boreum. Nilikuwa namkumbuka mtu mkubwa. Alitafuta macho ya watu wake, na watu wake wakatazama sakafu.

Jaji alipoanza kusoma, Mama hakuelewa lugha ile, akawa ananiuliza kwa kunong'ona, "Ni zuri au baya?" Nikamwambia ngoja. Kisha jaji akasema yale uliyoyasikia: kwamba mshtakiwa alijua hali ya mlalamikaji na akaitumia, na mlalamikaji alielewa na akakataa waziwazi, kwamba mtu kujua kupanda basi hakumaanishi amekubali kufungiwa ghalani. Hapo mwanamke mmoja wa bandani alijifunika uso kwa skafu. Jaji akaichukua ile karatasi ya mihuri, akainua kidogo, akasema mahakama imeisoma yote, lakini msamaha si mali ya kijiji, na mwenye nao hakuutoa. Naibu Mwenyekiti aliondoa kofia yake. Hakuwa na sababu, alikuwa ameivua na kuivaa tangu asubuhi, lakini safari hii hakuirudisha.

Miaka saba gerezani, na akitoka avae kifaa cha kumfuatilia mguuni. Mama akauliza, "Zuri au baya?" Nikasema, "Mama, wamemsikiliza Boreum." Alitikisa kichwa taratibu, mara nyingi, kama anayehesabu kitu. Mke wa Gu hakulia. Alisimama akatoka kabla ya mumewe kuondolewa, na mlangoni alikutazama kwa muda mrefu. Sijui alikuwa anasema nini moyoni. Nisingependa kukuongopea kwamba najua.

Tatu, na hili hulijui kabisa, kwa sababu ulikuwa umekwenda msalani na Bi. Yeom. Kwenye korido Naibu alitukabili. Akamwambia Mama, kwa sauti ya chini, "Umeridhika sasa, Mama Miok? Banda limefungwa. Gamgol imekufa."

Nilitaka kujibu mimi. Mama akanisukuma pembeni, kwa kiwiko, ananijua.

Akasema, "Muhuri wangu haukupotea. Uko kwenye pipa la mchele. Nilikuwa nakuogopa tu."

Naibu akasema, "Mama Miok..."

"Na hilo jina liache. Mama Miok alilea mtoto aliyesoma, akajivunia, mtoto akaenda zake mlimani. Anayeongea nawe ni Mama Boreum. Ukinikuta njiani niite hivyo, au usiniite."

Boreum, nimeitwa majina mengi mazuri hekaluni. Sijawahi kufurahi kama siku niliponyang'anywa langu.

Dada yako,
Miok


Gamgol, 22 Machi 2017

Kwa Dada Miok,

Shikamoo. Hujambo? Theluji imeyeyuka, matope kila mahali. Mama hajambo. Amekukamulia mafuta ya ufuta chupa mbili, anasema mtawa naye ana utumbo. Nitayatuma.

Mwenyekiti amekata rufaa. Wakili Pyo anasema huenda mahakama ya Daegu ikapunguza, huenda ikaacha ilivyo, na pengine sitaitwa. Nimemwambia wakiniita nitakwenda, mpaka wachoke wao.

Watu wananiuliza, umefurahi? Wengine wananiuliza kwa ubaya. Sijui neno lake, Dada. Siyo furaha. Ni kama nilikuwa nimebeba kreti peke yangu na sasa mtu ameshika upande wa pili. Bado ni zito. Lakini tunaona mbele.

Nina kazi mpya mjini, kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Tunakunja mashuka, watu wawili kwa shuka moja, mnatembea mnakutana katikati kama mnacheza ngoma. Msimamizi alisema mimi ni mwepesi. Nikamwambia aseme tena, wenzangu hawakusikia.

Jumapili mwanamke alikuja nyumbani. Simjui. Anaitwa Heo Sukja, ana umri kama wa shangazi, anakaa bonde la pili, sikio moja halisikii. Mama alimkaribisha, akakaa ukingoni mwa sakafu hakuvua hata viatu. Tukamletea chai ya shayiri. Hakuinywa. Alikuwa anaangalia mlango.

Mwishoni akaniuliza, "Ni wewe wa mahakamani?"

Nikasema ni mimi.

"Nilimenya gam kwake zamani. Kabla yako." Mama akainuka akaenda jikoni akafunga mlango, ingawa jikoni hakukuwa na kitu cha kufanya. Yule mama akasogeza lile sikio zima karibu yangu. "Ni kweli yule jaji alikusikiliza mpaka mwisho? Hakukukatiza?"

"Hakunikatiza. Na maji wanatoa."

"Mimi siongei vizuri. Nitaanza katikati."

"Anza katikati. Bi. Yeom atanyoosha."

Akalia hapo, lakini siyo sana. Akavua viatu. Akanywa chai yote, akaomba nyingine.

Leo ni siku yangu ya mapumziko. Bi. Heo yuko nje ya lango ananingoja twende kituo cha polisi, amevaa nguo zake nzuri na amechana nywele kwa maji. Ameniuliza askari wa kike anaitwa nani, nimemwambia. Ameniuliza kama nitaingia naye ndani, nimemwambia nitaingia, lakini kuongea ataongea mwenyewe.

Ananiita. Barua hii nitaitia posta hukohuko mjini, tukimaliza.

Mdogo wako,
Tak Boreum